Nani Ana Mamlaka Hapa? Katiba ya Halmashauri na Safari ya Uamuzi

Usiku wa tarehe 10 Desemba 2020, madiwani wa Handforth, mji mdogo wa Cheshire kaskazini-magharibi mwa England, walikutana kwa njia ya Zoom kwa sababu ya korona. Jackie Weaver, afisa wa chama cha halmashauri ndogo za eneo hilo, alikuwa ameitwa kusaidia kuendesha kikao. Mwenyekiti akamwambia wazi kwamba hana mamlaka pale. Weaver akabofya, na mwenyekiti akatoweka kwenye skrini. Diwani mwingine akafoka, akimtaka mama huyo asome kanuni za kudumu, azisome na azielewe. Naye akatolewa. Februari 2021 video ya kikao hicho ikasambaa dunia nzima, na Weaver akawa mtu maarufu ndani ya siku chache tu.

Waliocheka ni wengi, waliofuatilia mwisho wake ni wachache. Halmashauri ya Cheshire East, ambayo ndiyo husikiliza malalamiko dhidi ya madiwani wa huko, ilitumia takriban pauni 85,000 kuuchunguza mgogoro huo. Ripoti zilipotoka mwaka 2022 zilisema kwamba Weaver hakuwa na mamlaka rasmi ya kuwatoa madiwani wale, ingawa kwa hali ya kikao ilivyokuwa, alichokifanya kilieleweka. Maana yake ni kwamba yule bwana aliyefoka alikuwa na hoja. Alikosa adabu, hakukosa sheria.

Tukio hilo dogo linabeba jambo ambalo makala haya yanalifuata hadi kwenye halmashauri kubwa, zile zinazoshika mamilioni ya pauni, shule, barabara, nyumba za kupangisha na matunzo ya wazee. Nani ana mamlaka ya kuamua? Nani ana wajibu wa kusema hapana, tena hadharani? Na aliyeambiwa hapana analazimika kusikiliza, au anaweza kubofya tu?

Handforth ni halmashauri ya ngazi ya chini kabisa, na huko kanuni za kudumu zinatosha. Halmashauri za ngazi ya juu zimewekewa sharti zaidi. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000, kila moja kati ya hizo ni lazima iwe na katiba yake iliyoandikwa, iihuishe kila mambo yanapobadilika, iiweke ofisini ili yeyote aikague, na impe nakala anayeitaka kwa ada ya kiasi. Ni kichekesho cha kihistoria: nchi ambayo haina katiba ya taifa iliyoandikwa katika kitabu kimoja imezilazimisha halmashauri zake ziwe nazo. Wala si vijitabu. Nyingi zina mamia ya kurasa, kwa sababu ndani yake mna ibara, mgawanyo wa madaraka, kanuni za vikao, kanuni za fedha na manunuzi, maadili ya madiwani, maadili ya watumishi na viwango vya posho.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda kwa kamati. Kamati ya elimu iliamua ya elimu, ya nyumba iliamua ya nyumba, na kila diwani alikuwa na kiti mahali fulani. Sheria ya mwaka 1972 iliruhusu baraza kukasimu madaraka kwa kamati, kamati ndogo au mtumishi, lakini si kwa diwani mmoja. Hata ujanja wa kuunda "kamati" ya mtu mmoja ulizimwa na mahakama mwaka 1986, katika kesi iliyoihusu halmashauri ya Hillingdon, magharibi mwa London. Kwenye karatasi, basi, hakuna diwani aliyeweza kuamua peke yake. Kwa vitendo, kiongozi wa chama chenye wingi alikaa na wenzake usiku wa kuamkia kikao, wakakubaliana, na kesho yake kamati ikapiga muhuri. Uamuzi ulikuwa na mwenyewe, ila jina lake halikuandikwa popote.

Serikali ya Tony Blair ilitaka jina hilo liandikwe. Kashfa za miaka ya 1990 zilikuwa zimechosha watu, hasa ile ya Doncaster, ambako madiwani zaidi ya 20 walitiwa hatiani kwa udanganyifu wa posho na gharama. Dawa iliyoletwa mwaka 2000 ilikuwa kuwatenganisha wanaoamua na wanaohoji. Upande mmoja akawepo kiongozi, au meya aliyechaguliwa moja kwa moja na wananchi, pamoja na kamati tendaji ya watu wachache. Upande wa pili wakawekwa madiwani waliobaki, kazi yao ikiwa kuhakiki. Katiba ya halmashauri ndiyo inayochora mpaka kati ya pande hizo mbili.

Anayeifungua katiba ya namna hii kwa mara ya kwanza huanza na ibara za mwanzo, zenye maneno mazuri kuhusu demokrasia na ushirikishwaji. Asipoteze muda wake hapo. Uhai wa kitabu uko katika sehemu inayochosha kuliko zote, jedwali la kukasimu madaraka. Hapo ndipo panapoandikwa kwamba bajeti na sera kuu hupitishwa na baraza zima. Kwamba vibali vya ujenzi na leseni huamuliwa na kamati maalumu ambazo kiongozi hana ruhusa ya kuziingilia. Kwamba mambo mengine ni ya kamati tendaji. Na kwamba orodha ndefu, ndefu kweli, imeachiwa watumishi. Maamuzi mengi ya halmashauri ya England hufanywa na mtumishi mezani kwake, kwa saini yake, chini ya kifungu fulani cha jedwali hilo. Mwananchi anayedhani madiwani ndio wanaoamua kila kitu anaangalia jukwaa wakati mchezo unachezwa kwingine.

Maamuzi mazito yana njia yake. Sheria inayaita maamuzi makuu: yale yenye fedha nyingi kulingana na ukubwa wa bajeti, au yanayogusa kwa uzito wakazi wa kata mbili au zaidi. Kila halmashauri hujipangia kiwango chake. Zipo zinazoanzia pauni 250,000, zipo zinazoanzia 500,000. Uamuzi wa aina hiyo hutangazwa siku 28 kabla, ukitaja jambo lenyewe, atakayeamua na nyaraka atakazozitumia. Ajenda na ripoti hutolewa siku tano kamili za kazi kabla ya kikao. Baada ya uamuzi, huwepo muda mfupi, kwa kawaida siku tano, ambao madiwani wasio kwenye kamati tendaji wanaweza kuudaka na kuurudisha mezani. Kamati ya uhakiki haiwezi kuufuta. Inaweza kuuliza, kuita mashahidi, na kumrudishia aliyeamua afikirie upya. Akifikiria upya akashikilia pale pale, umepita.

Uwazi huu haukuanza na Blair. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa mgomo wa wachapaji, baadhi ya halmashauri zilizokuwa chini ya chama cha Labour ziliwafungia mlango waandishi wa magazeti yaliyogomewa. Mbunge mpya, mwanamke wa miaka 34, aliichukua hoja hiyo, na hotuba yake ya kwanza Bungeni, tarehe 5 Februari 1960, ilikuwa ya kuwasilisha muswada binafsi wa kuwapa waandishi na umma haki ya kuingia vikaoni. Muswada ukawa sheria. Mbunge huyo alikuwa Margaret Thatcher, ambaye robo karne baadaye, akiwa Waziri Mkuu, alilifuta kabisa baraza zima la London Kubwa kwa sheria ya Bunge. Historia ya serikali za mitaa ina watu wa namna hiyo. Tangu Agosti 2014 mtu yeyote anaweza pia kurekodi kikao cha wazi kwa simu yake, na hakuna mwenyekiti wa kumzuia ilmradi asivuruge. Palipobaki giza ni kwenye taarifa za siri za kibiashara na za watu binafsi, ambazo kwa mazoea ya ofisi nyingi huchapwa kwenye karatasi za rangi ya waridi. Mwandishi mzoefu wa habari za halmashauri hukimbilia kuona ni kurasa ngapi safari hii ni za waridi.

Lakini mhimili wa jengo zima ni watumishi watatu ambao sheria inalazimisha kila halmashauri iwe nao: mkurugenzi mtendaji, afisa mwangalizi wa sheria, na mweka hazina. Hao si watumishi wa kawaida. Mwangalizi wa sheria, kwa sheria ya mwaka 1989, akiona uamuzi unakwenda kinyume cha sheria ni lazima aandike ripoti, na ripoti hiyo husimamisha utekelezaji hadi ijadiliwe. Mweka hazina, kwa kifungu 114 cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1988, akiona matumizi yatazidi mapato ni lazima atoe taarifa kwa kila diwani. Baraza hukutana ndani ya siku 21, na hadi likutane hakuna kuingia ahadi mpya ya matumizi pasipo ruhusa ya mweka hazina. Hapa sheria haikumpa mtumishi hiari. Imempa wajibu, na ili asiogope, imeweka utaratibu mgumu wa kumfukuza: washauri huru wasikilizwe, na baraza zima lipige kura.

Mtu akitaka kujua kama katiba ya halmashauri iko hai, aangalie kama hao watatu wanaweza kusema hapana bila kupoteza kazi, na kama hapana yao inamkuta mtu mwingine, si wao wenyewe.

Thurrock ni mfano wa kutisha wa hilo la pili. Ni halmashauri ya Essex, kando ya mto Thames, yenye wakazi wapatao 176,000. Kuanzia mwaka 2016 hivi ilianza kukopa, nyingi ya fedha hizo ikizikopa kwa halmashauri nyingine, hadi deni likapita pauni bilioni 1. Fedha zikawekezwa katika hati fungani za biashara binafsi, takriban pauni milioni 655 zikiingia kwenye mashamba ya umeme wa jua ya mfanyabiashara mmoja. Madiwani walipitisha mkakati wa uwekezaji, halafu jedwali la kukasimu likamwachia mweka hazina achague cha kununua. Faida za miaka ya mwanzo zilikuwa tamu, na waliouliza maswali walionekana wakorofi. Mwandishi Gareth Davies, wa shirika la uandishi wa uchunguzi la London, alichimba habari hiyo kwa miaka, akipambana na halmashauri iliyokataa kutoa nyaraka. Mwishoni mwa 2022 nakisi ya mwaka mmoja ilitajwa kuwa karibu pauni milioni 470, na Desemba taarifa ya kifungu 114 ikatolewa, na mtu mwingine, baada ya mweka hazina wa awali kusimamishwa kazi.

Utaratibu wa Thurrock, ukisomwa kifungu kwa kifungu, haukuwa na tundu la wazi. Madiwani walikasimu kihalali. Tatizo ni kwamba mtu aliyepewa wajibu wa kupiga kengele ndiye aliyepewa pia kazi ya kuwasha moto. Sheria ilimtaka ajionye mwenyewe, kisha awaandikie madiwani barua kwamba amejionya.

Northamptonshire ilianguka kwa njia nyingine. Februari 2018 mweka hazina wake alitoa taarifa ya kifungu 114, ya kwanza England kwa karibu miaka 20. Miezi michache kabla ya hapo halmashauri ilikuwa imefungua makao makuu mapya ya pauni milioni 53, ambayo ililazimika kuyauza na kubaki mpangaji ndani yake. Mkaguzi aliyetumwa na serikali, Max Caller, aliandika Machi 2018 kwamba matatizo hayakutokana na ukata peke yake, maana kaunti nyingine zilipunguziwa fedha vile vile na hazikuanguka. Madiwani walimweleza jinsi walivyonyimwa taarifa walipoziomba. Alipendekeza halmashauri hiyo ivunjwe, na Aprili 2021 nafasi yake ikachukuliwa na mbili mpya. Kwa wasomaji wanaozoea kusikia kwamba mzizi wa kila tatizo la serikali za mitaa ni fedha kidogo kutoka juu, ripoti ya Caller inafaa kusomwa, hata kama haifurahishi.

Croydon, kusini mwa London, ilifuata Novemba 2020. Ilikuwa imeanzisha kampuni yake ya kujenga nyumba, ikaikopesha takriban pauni milioni 200, na gawio halikuonekana. Mwaka 2018 ilinunua hoteli kwa takriban pauni milioni 30. Janga la korona lilipofika, aliyeipangisha akafilisika. Mkaguzi wa hesabu wa nje alitoa ripoti kwa maslahi ya umma, chombo ambacho hutumika kwa nadra sana, akieleza halmashauri nzima iliyokuwa kama imefumba macho. Hapo kampuni ilikuwa ya halmashauri, wakurugenzi wa kampuni waliteuliwa na halmashauri, mkopeshaji alikuwa halmashauri. Nani angemhoji nani? Birmingham nayo ilifikia hatua hiyo tarehe 5 Septemba 2023, ikiwa na madai ya usawa wa mishahara kwa wanawake yaliyokadiriwa kufika pauni milioni 760, na mfumo mpya wa kompyuta wa fedha ambao ulivuruga hesabu badala ya kuziweka sawa. Max Caller akarudi, safari hii akiongoza makamishna.

Kuna jambo lisilohusiana na fedha hata kidogo, na ndilo linaloonyesha zaidi udhaifu wa kamati za uhakiki. Agosti 2014 ripoti ya Profesa Alexis Jay ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono katika mji wa Rotherham kati ya 1997 na 2013, huku halmashauri na polisi wakijua mengi kuliko walivyokiri. Louise Casey alipotumwa kuikagua halmashauri yenyewe, ripoti yake ya Februari 2015 ilisema haifai kwa kazi yake, na kamati tendaji nzima ikajiuzulu. Rotherham ilikuwa na katiba. Ilikuwa na kamati ya uhakiki, ratiba ya vikao, ukurasa wa maadili. Kilichokosekana ni madiwani wa kuuliza swali la pili baada ya jibu la kwanza kuwa laini, kwa kuwa wengi wao walikuwa wa chama kimoja na posho za uenyekiti zilitoka kwa viongozi wale wale waliopaswa kuhojiwa.

Hilo ni doa ambalo sheria ya mwaka 2000 ililiacha kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Kamati ya uhakiki haiajiri watumishi wake, haipangi bajeti yake, na mara nyingi wenyeviti wake huteuliwa na chama tawala. Bunge la Taifa, angalau, huyapa makundi ya upinzani uenyekiti wa kamati muhimu za hesabu. Halmashauri inaweza kufanya hivyo pia, kwa kuandika sentensi moja katika katiba yake. Chache zimeiandika.

Zamani diwani aliyefanya uamuzi haramu aliweza kulipishwa kutoka mfukoni mwake, au hata kufungwa. Poplar, mtaa wa maskini mashariki mwa London, uliijaribu sheria mwaka 1921. Madiwani wake, wakiongozwa na George Lansbury, waligoma kutoza wakazi wao kodi za kupeleka kwa baraza la London, wakidai kwamba mitaa ya matajiri haibebi mzigo wake. Madiwani 30 walifungwa. Walifanya vikao vya halmashauri gerezani Brixton, wanawake wakiletwa kutoka gereza la Holloway ili akidi itimie. Baada ya takriban wiki sita waliachiwa, na Bunge likabadilisha sheria ili mzigo ugawanywe kwa haki zaidi. Ni nadra kuona watu waliovunja sheria kwa uwazi namna hiyo wakiondoka na sheria iliyorekebishwa.

Upande wa pili wa rekodi yuko Shirley Porter, kiongozi wa Westminster. Baada ya chama chake kunusurika kwa kura chache mwaka 1986, halmashauri ilianza kuuza nyumba za umma katika kata nane zenye ushindani, ili wapangaji wahame na wapigakura wenye nyumba zao waingie. Mkaguzi John Magill aliifuatilia kesi kwa miaka, na Desemba 2001 mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, House of Lords, ikathibitisha kwamba madaraka ya umma hayawezi kutumika kutafuta kura. Deni lilikuwa mamilioni mengi. Mwaka 2004 Porter alikubali kulipa pauni milioni 12.3. Ajabu ya mambo, wakati hukumu hiyo inatoka, adhabu yenyewe ya kulipishwa binafsi ilikuwa tayari imefutwa na sheria ile ile ya mwaka 2000 iliyozaa katiba za halmashauri. Kwa sheria ya mwaka 2011 chombo cha kitaifa cha kusimamia maadili ya madiwani nacho kilifutwa. Tangu hapo diwani akithibitika kumtukana mtumishi au kuficha maslahi yake, halmashauri inaweza kumkaripia na kumwondoa kwenye kamati. Kumsimamisha udiwani haiwezi. Desemba 2024 serikali ilianza kukusanya maoni juu ya kuirudisha adhabu hiyo.

Tume ya ukaguzi iliyokuwa ikiteua wakaguzi wa halmashauri ilifungwa Machi 2015, na kazi ikaachiwa makampuni binafsi. Kwa mwaka wa fedha wa 2022/23, ni asilimia 1 tu ya halmashauri za England ambazo hesabu zao zilikaguliwa na kuchapishwa kwa wakati. Ni aibu kwa nchi inayopenda kufundisha wengine utawala bora.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameanza kulinganisha, na ana haki. Sheria ya serikali za mitaa ya Tanganyika ya mwaka 1953 ilishonwa kwa mtindo wa Uingereza, na kanuni za kudumu zinazotumiwa na mabaraza ya madiwani leo ni za ukoo huo huo. Tofauti kubwa ni nani anamshikilia mkurugenzi. England mkurugenzi huajiriwa na madiwani, na madiwani ndio wenye kura ya kumfukuza. Tanzania mkurugenzi huteuliwa na Rais, huwa katibu wa baraza, na diwani anayemkasirikia anaweza kulalamika kwa mamlaka ya juu. Ndiyo maana taarifa ya aina ya kifungu 114 haina pacha wake kamili huku. Nafasi hiyo imeshikwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambao huja baada ya fedha kutumika. Kwa upande mwingine, Tanzania ina kitu ambacho halmashauri kubwa za England hazina: mkutano mkuu wa kijiji, ambako watu wazima wote ni wajumbe na serikali ya kijiji husoma mapato na matumizi mbele yao. Unapofanyika kila miezi mitatu kama sheria inavyotaka, hakuna kamati ya uhakiki ya England inayoukaribia. Ukali wa serikali kuu, hata hivyo, unafanana pande zote mbili. Mwaka 1996 halmashauri ya Dar es Salaam ilivunjwa na kuwekewa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja tena halmashauri ya jiji hilo na kuipandisha Ilala hadhi. Waziri wa London hutuma makamishna. Wanaobaki nje ya chumba ni wapigakura.

Isipokuwa Sheffield. Kuanzia mwaka 2012 jiji hilo lilikuwa na mkataba wa barabara wa miaka 25 na kampuni binafsi, ambao chini yake maelfu ya miti ya mitaani ilikatwa. Wakazi walisimama chini ya miti, wengine wakakamatwa, halmashauri ikaenda mahakamani dhidi yao. Uchunguzi wa Sir Mark Lowcock, uliotoka Machi 2023, ulikuta kwamba halmashauri ilikuwa imeupotosha umma na hata mahakama. Waliochoka hawakudai tu kiongozi ang'oke. Walisoma sheria, wakagundua kwamba asilimia 5 ya wapigakura wakitia saini, halmashauri hulazimika kuitisha kura ya maoni juu ya mfumo wake wa uongozi. Wakazunguka jijini, wakapata saini zaidi ya 20,000. Tarehe 6 Mei 2021 wapigakura 89,670 walisema mfumo wa kiongozi na kamati tendaji uondoke na kamati zirudi. 48,727 walitaka ubaki. Mei 2022 katiba mpya ikaanza kazi, na kila diwani akawa tena na kiti kwenye kamati inayoamua. Bristol, mji pekee kati ya 10 uliokubali kuwa na meya katika kura za Mei 2012, ulimkataa miaka 10 baadaye na kurejea kwenye kamati mwaka 2024.

Kamati zina kasoro zake. Ni za polepole, na kiongozi wa chama bado anaweza kuwapanga wenzake usiku wa kuamkia kikao, kama enzi za kabla ya 2000. Croydon yenyewe, baada ya maumivu yake, ilikwenda upande wa pili: Oktoba 2021 zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura walitaka meya wa kuchaguliwa moja kwa moja, wamjue wa kumlaumu. Miji miwili, kura mbili, majibu yanayopingana, na yote mawili yana mantiki yake.

Muswada wa madaraka ya mikoa uliofikishwa Bungeni Julai 2025 ulikuja na pendekezo la kuufuta mfumo wa kamati na kurudisha kiongozi na kamati tendaji, pamoja na kuzuia halmashauri zisiunde nafasi mpya za meya wa aina ya Croydon. Serikali ilisema inataka utaratibu unaoeleweka na maamuzi ya haraka. Waliokusanya saini Sheffield wana haki ya kuuliza ni haraka ya nani.